Babifuti Yangu na Maoni ya Wananchi

Jumatatu, 3 Juni

Habari kubwa! Shefu wa kartiye, mtaa wetu, ametangaza: kile kiwanja kitupu nyuma ya soko la samaki kitajengwa kituo cha burudani. Cha wote. Cha bure. Hilo neno la mwisho limeniwasha kama pilipili. Mimi nina babifuti, meza ya mpira wa vyuma, ya pekee mtaani kwetu. Golikipa wa bluu hana kichwa, lakini anadaka. Ndiyo inayonilisha. Wakiweka nyingine ya bure, Djibril nimekwisha!

Jumamosi anakuja Bwana Nestori wa mradi kusikiliza wananchi. Kabla ya hapo, Shefu anataka mtu wa kujitolea apite nyumba kwa nyumba kukusanya maoni. Niliinua mkono hajamaliza. Nikainua na wa pili. Maoni ya watu ni jambo nyeti, huwezi kuyaacha yajisemee.

Vestine naye akainua. Vestine muuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, mama wa Uvira, mdomo wembe. Anaanika samaki wake kwenye kiwanja hichohicho. Shefu akatukubali wote wawili. Udhaifu wa uongozi.

Jumanne, 4 Juni

Siku tukufu! Siri ni hii: usimwulize mtu anataka nini. Atakwambia! Mimi nauliza, "Si mnataka maktaba?" Maktaba ni kitu kizuri. Mtu akisoma, anachoka. Akichoka, anatafuta babifuti. Anakuja kwangu.

Mzee Hamissi akasema ego, ndiyo kabisa, maktaba. Bi Mwanahamisi akasema ego, akanipa kiti na chai. Nyumba ya tatu ego, na chai. Nimerudi nyumbani nimejaa chai na ushindi.

Jumatano, 5 Juni

Balaa. Vestine kapita nyumba zilezile, akiuliza kama hawataki banda la kuanikia ndagala. Wote wamesema ego!

Nikakimbia kwa Mzee Hamissi. Nikamwuliza, mzee wangu, ni maktaba au ni banda? Akanishangaa. Mgeni kaingia nyumbani kwangu, mwanangu, mimi nimwambie hapana? Tumekuwa watu gani?

Sikuamini. Nikaenda kwa Evangelina, jirani yangu, kufanya jaribio. Nikamwuliza kama angependa kituo kiwe na shimo la kufugia mamba. Ego, akasema, ni wazo zuri, na je, nimekula?

Alhamisi, 6 Juni

Sikulala. Lakini asubuhi, wazo! Wazo lenye mabega! Kuanzia kesho, babifuti ni bure kwa kila atakayeapa kwamba Bwana Nestori akimwuliza, atajibu "maktaba". Hasara ya siku mbili, faida ya maisha. Nimepaka vyuma mawese. Vinateleza kama samaki.

Ijumaa, 7 Juni

Baada ya swala, umati! Wavuvi, kwaya ya Wakongomani, waendesha baiskeli za mawese. Wote wameapa. Bi Mwanahamisi, mama wa heshima zake, alicheza beseni likiwa kichwani, akafunga goli, beseni halikutikisika.

Jioni akaja Vestine na wanawake wenzake wa ndagala. "We Djibril, leo unatoa kitu bure? Uko mugonjwa?" Nikamwambia ni upendo kwa jamii. Akacheka mpaka akashika mti. Kisha akaomba kucheza na mimi. Matokeo siyaandiki. Golikipa hana kichwa, kila mtu anajua.

Jumamosi, 8 Juni

Nimefurahi asubuhi nzima. Niiweke kwanza hiyo furaha hapa, maana haikufika mchana.

Kazi za pamoja za mtaa, za kila Jumamosi, zilipokwisha, Shefu akawaita watu kiwanjani kwa mkutano. Hakuja mtu. Akapiga filimbi. Hakuja mtu. Wote walikuwa kwangu! Hata wanawake walikuwa wameacha ndagala juani, kunguru wanafanya sherehe.

Bwana Nestori akafuata kelele. Akasalimu, amahoro, hakuna aliyegeuka. Akamwuliza Mzee Hamissi, baba, wewe unataka kituo kiwe na nini? Mzee, macho kwenye mpira: "Maktaba! Piga! Piga, bwana, umelala?" Goli likaingia. Umati wote ukaruka juu: "Maktabaaa!" Nilikaribia kulia kwa fahari. Kiapo kilikuwa kimeshikwa!

Bwana Nestori akanivuta pembeni, akanishika mkono kwa mikono miwili. Akasema kazi hii ameifanya miaka mingi. Mbele ya mgeni watu wetu hukubali kila kitu, ndiyo maana siku hizi haandiki wanachosema, anaandika wanachofanya. Akaniambia hajapata kuona maoni yaliyokusanywa vizuri namna hii. Kituo kitakuwa na babifuti nne. Mpya. Golikipa wote na vichwa vyao.

Nikamwambia lakini wamesema maktaba. Akatabasamu kama mtu aliyeambiwa karibu chai.

Vestine hakuwa mbali. Akamwambia Bwana Nestori kwamba wanawake watacheza, ila ndagala nazo zipate pa kukaa, kunguru wasizione. Bwana Nestori akachungulia kiwanja, akawaona kunguru. Banda limepita hapohapo.

Watu wamenibeba mabegani. Nilikuwa nawaambia wanishushe. Wakasema ego, wakaendelea.

Jumapili, 9 Juni

Nimelala kifudifudi hadi adhuhuri. Kisha simu ikalia na dunia ikabadilika!

Ni Rachid wa Nyanza-Lac, mwenye babifuti kama mimi, ila yake ina vichwa vyote. Anaiuza. Bei ya kutupa! Nikamwuliza ina ubaya gani. Haina, akasema, ni nzima kabisa, ila huko kwao wamefungua kituo cha bure, wateja wote wamehamia, yeye amechoka kukaa na meza peke yake.

Nilijikaza nisicheke. Maskini Rachid! Kuna watu biashara hawakuzaliwa nayo.

Nimesema naichukua. Kesho alfajiri naenda na gari la mawese, kabla hajapata akili.