Njiwa wa Mimbari ya Ruiru

Jumatano, 4 Juni 1958, Thika

Kanisa letu la Ruiru linataka picha ya njiwa mbele ya mimbari, ya vipande vya mbao vilivyopachikwa pamoja. Mzee wa kanisa, Ephantus, amesema fundi mwenye njiwa mzuri zaidi Jumapili ndiye atatengeneza upya viti vyote vya kanisa. Viti vyote! Fundi Macharia ameshaanza. Anakata kwa msumeno wa mkono, polepole kama mtu anayenyoa askofu. Nimecheka. Mke wangu Syokau ana cherehani ya kukanyaga. Sindano inapanda, inashuka. Sasa ukitoa sindano, ukafunga msumeno mwembamba... Kesho akienda sokoni, najaribu.

Alhamisi, 5 Juni

Syokau kaenda sokoni. Nimevunja kasha la chai, plaiwudi safi kabisa. Nimekanyaga. Inakata! Bawa limetoka kama limechorwa. Nikaongeza mbio. Pa! Msumeno umekatika, kipande kimepita karibu na sikio. Nimefunga mwingine, nikakata mwili wa njiwa kwenye ubao wa mwerezi. Syokau amerudi, ameuliza kwa nini cherehani inanuka mwerezi. Nimesema ni mafuta mapya. Akaninusa na mimi.

Jumamosi, 7 Juni

Balaa. Cherehani imejaa unga wa mbao, haishoni wala haikati. Kanzu za kwaya alizokuwa akishona Syokau zimebaki bila mikono. Syokau hasemi neno. Afadhali angepiga kelele. Na njiwa? Mabawa yote mawili ni ya kushoto! Nimegeuza moja. Upande wa pili una maandishi meusi ya kasha. Nimeyafunika kwa rangi nyeupe ya kupaka viatu vya raba. Nani atajua?

Jumapili, 8 Juni

Manyunyu kutoka Thika mpaka Ruiru, njiwa nyuma ya baiskeli. Nimefunua kitambaa mbele ya watu wote. Rangi ilikuwa imetiririka. Ephantus akavaa miwani, akasoma bawa kwa sauti: "Chai, daraja la pili." Kisha akaniuliza kwa upole, "Bwana Musau, huyu ni kuku?" Kwaya nzima, mikono wazi, ikacheka. Syokau, mstari wa mbele, hakucheka. Hiyo ndiyo iliniuma. Njiwa wa Macharia alikaa pale kama anapumua. Viti ni vyake.

Jumatatu, 9 Juni

Macharia amekuja nyumbani mwenyewe. Anataka mtu wa kupiga msasa viti. Nimekubali, cherehani lazima itengenezwe. Syokau, neno la kwanza tangu juzi: "Baba Kaleli, umejifunza?" Nimesema kabisa. Na ni kweli. Cherehani ni kitu dhaifu. Lakini leo, nikiwa peke yangu kanisani na msasa, nimekiangalia vizuri kinanda cha kwaya, kile cha kupuliziwa hewa kwa miguu. Kina makanyagio mawili, mapana, imara kuliko ya cherehani. Na kati ya Jumapili na Jumapili hakuna anayekigusa!