Bega la Mbele Chini ya Bikira

Jumapili, 24 Novemba
Padri ametangaza baada ya misa. Tarehe nane Desemba sanamu ya Bikira wa Caacupé itabebwa mabegani mtaani kwetu hapa Buenos Aires, na nafasi ya bega moja la mbele iko wazi. Ni mimi au Wilfrido, fundi lipu wa saiti yetu. Mwamuzi ni Ña Zunilda, mama mwenye jimu nyuma ya kanisa. Atatunyanyulisha madebe yake ya zege. Mimi nimeshampigia mama kule Paraguai kwamba nimeshapewa. Ameshaalika majirani waje kunitazama kwenye simu ya dada. Jimu sijaikanyaga tangu mvua zianze. Kesho bila kukosa.

Jumanne, 26 Novemba
Sikwenda. Winchi imekufa, saruji yote imepanda ghorofa ya nne mgongoni kwangu. Saidia fundi na jimu wapi na wapi? Nikatuma salamu kwamba nina homa. Ña Zunilda akaniletea dawa ya mizizi, chungu kama nyongo, kwa mkono wa Wilfrido, tena ameagizwa asiondoke mpaka nimalize jagi. Akakaa kitandani kwangu. Kunywa, mgonjwa wetu, anasema, hata hapo chini kumebaki kidogo. Nimemaliza. Sasa naumwa kweli.

Alhamisi, 28 Novemba
Nimekwenda, nimetubu nusu. Nilidhani nitafokewa, kumbe Ña Zunilda amecheka tu. Amesema mazoezi niliyokosa yamekwenda, maji yakimwagika hayazoleki, nisije nikajaribu kuyafidia kwa mkupuo. Nianze na debe dogo, taratibu, na nikikosa siku moja nije inayofuata. Mapumziko hayamyeyushi mtu, mwanangu, wewe si barafu. Akaongeza kwamba misuli hukua wakati wa kupumzika. Hapo nilimsikia vizuri sana. Nikaaga mapema, nikaenda nyumbani kukua.

Jumapili, 1 Desemba
Bado nakua. Lakini kanisani nimekaa nyuma ya Wilfrido, na mabega yake yamenizibia altare yote. Nikaingiwa na baridi. Mchana jimu haikuwa na mtu. Nikafidia yote niliyokosa, madebe makubwa kwa madogo, mpaka nikaona nyota. Ña Zunilda ni mama mzuri ila hajui haraka ya mtu. Najisikia fahali.

Jumatatu, 2 Desemba
Mikono haipandi. Kofia nimevishwa. Wakati wa kunywa tereré, ile chai yetu ya baridi, nimeinamia kikombe kama kuku, mpaka Wilfrido akanishikia mrija. Vuta, mtoto wa mama, anasema, ukimaliza tutakucheulisha. Saiti nzima hoi kwa kicheko. Nyapara amenihamishia kulinda mchanga.

Jumatano, 4 Desemba
Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Nimepata debe tupu la rangi. Ndani nimejaza lile povu gumu jeupe linalokuja na friji mpya, juu tabaka jembamba la zege, na mpini wa nondo. Kwa macho ni pacha wa debe kubwa kabisa la Ña Zunilda. Kwa uzito ni kapu la mikate. Nimelipenyeza jimu saa ya chakula, mwisho kabisa upande wa kulia. Bega ni langu!

Ijumaa, 6 Desemba
Siku ya kunyanyua. Wilfrido ametangulia. Amekwenda moja kwa moja upande wa kulia. Amelinyanyua debe langu kwa mkono mmoja, akabaki nalo juu, anautazama ule mkono kama ameletewa na Bikira mwenyewe. Nilitaka kusema ndani mna povu. Ningeulizwa nimejuaje. Nikabakiwa na debe la kweli. Halikusogea, nilisogea mimi. Bega amepewa Wilfrido, na sasa anasema mbele atabeba peke yake, mwenzake wa nini. Padri amekubali, eti ni muujiza. Ña Zunilda muda wote ananitazama mimi, si yeye. Nimepewa ndoo ya maua. Mama sijampigia.

Jumapili, 8 Desemba
Joto la kuzimu. Nimetembea na maua ubavuni pa Wilfrido. Mpaka duka la nyama alikuwa anatabasamu. Baada ya kona shingo ikazama mabegani. Eulogio, akaninong'oneza, nguvu zimeniacha. Mimi najua hazikuwahi kuja. Bikira akainama upande wetu, kina mama wakashika vichwa. Nikatupa ndoo, nikaingiza bega. Miguu yangu ikajikunja hapohapo, na yake pia. Tukatua magotini, Bikira juu yetu, hajadondoka. Nikangoja mawe. Badala yake bibi mmoja akalia kwamba vijana hawa wameweka nadhiri, wanakwenda kwa magoti. Mtaa wote ukapiga magoti. Tukajiburuza hivyo hadi mlango wa kanisa, maana kusimama hatukuweza. Mama ameona yote kwenye simu. Amelia mpaka majirani wakamshika.

Jumatatu, 9 Desemba
Magoti yamevimba kama maandazi. Padri ametangaza kwamba mwakani mbele ni sisi wawili tena, kwa magoti, kuanzia kule darajani. Mama ameshawaambia majirani. Wilfrido ameacha kuniita mtoto, ananiita ndugu yangu, jambo linalonitisha. Jioni Ña Zunilda amekuja na debe langu, amelining'iniza kwenye kidole kimoja. Ameliweka mlangoni bila kuuliza kitu. Amesema tu kwamba mwaka unatosha, nianze kesho na debe dogo, polepole, na siku nikikosa nisikate tamaa. Nimemwahidi. Ila mwenyewe alisema misuli hukua wakati wa kupumzika, kwa hiyo naanzia hapo. Halafu nimepita duka la friji. Povu lipo tele, na suruali yangu ya misa ni pana sana magotini.