Sinki ya Kampala, Bafu ya Bwera

Asubuhi hiyo pale Bwera hakuna aliyeuliza mpaka wa Kongo umefunguliwa saa ngapi wala kakao imepanda kiasi gani. Habari ilikuwa moja: kabati la sinki la Jonan. Jana wanaume wanne walilipitisha mbele ya kibanda cha chai cha Medius, jeupe pe, na kioo chake juu, jitu zima la kabati, wakilipeleka kwenye bafu ambalo mbuzi akiingia atatoka kinyumenyume.

Jonan mwenyewe kijiweni wanamwita Kampala, kwa sababu alifika huko mara mbili na hajaacha kusimulia mpaka leo. Alijua wanamsubiri. Akaketi kwenye benchi, akaomba chai, akajifanya hana habari.

"Kampala," akaanza Danieri, mwanajeshi mstaafu, wote wanamwita Afande. "Hiyo kitu ni ya kunawa uso ama ya kuogesha ng'ombe?"

"Afande, hiyo ni saizi ya hoteli."

"Hoteli gani?"

"Ile ya Kasese, tulifanya semina ya kahawa. Niliipenda sinki yao, nikafungua mshipi wangu, nikaipima kona mpaka kona. Nikaenda Kampala na huo mshipi. Haikupungua hata kidole!"

Bénit, muuza vitenge wa kutoka Butembo, akaweka kikombe chini. "Ngoja kwanza. Lavabo, hiyo sinki ya hoteli, ulipima. Bafu yako, ulipima na nini?"

Jonan akapuliza chai iliyokwisha kupoa.

"Mungu wangu, huyu mutu hakupima bafu!" Bénit akajipiga paja. "Unanunulia mutoto viatu, unapima muguu ya padri!"

"Na mlango je?" akauliza Afande.

"Inafungukia ndani. Kidogo. Mtu anaingia ubavu."

"Ubavu!" Medius akacheka, birika likatikisika mkononi. "Na mama mkwe wako anakuja leo kutoka Rukoki, na ule mwili wake wa heshima. Naye ataingia ubavu?"

Hapo ndipo palipomuuma Jonan. Kabati lenyewe alilinunua kwa ajili ya mama huyo, aliyewahi kusema mbele za watu kwamba binti yake Mackline anaogea kwenye karai. Na kwao mkwe hamtazami mama mkwe hata usoni, sembuse bafuni. Mlango lazima ufungwe.

"Inafunga vizuri," akasema. "Shida ni droo tu. Sakafu imelalia upande wa tundu la maji, basi droo inajifungua yenyewe, inakaba mlango. Lakini nimeweka dawa."

"Dawa gani?"

"Gunzi la mahindi. Nimelikandamiza hapo, droo haipumui."

"Kabati ya Kampala, komeo ya shamba ya Mubuku!" akanguruma Afande.

"Wivu tu! Nyinyi mnaoga nyuma ya matete, kuku wanawaangalia."

Simu ikalia. Mackline. Jonan akafungua spika ili wasikie sifa.

"Baba Bright, mama amefika."

"Ameona kabati?"

"Amefungiwa nayo bafuni! Amekuta gunzi limechomekwa kwenye kitu nzuri hivyo, akauliza nimekuwa mchafu tangu lini, akalitupa dirishani. Droo imeruka nje ya reli, imekwama kwa mlango. Njoo uvunje!"

Nyuma yake sauti nzito ikapasuka: "Asije huyo! Sijavaa!"

Bénit alimwaga chai yake yote. Afande akasimama wima. "Medius! Shoka! Wewe mwanamke ndiyo utaingia, sisi wanaume tunangoja nje. Bénit, leta kitenge!"

"Ya saizi gani?"

"Pima mama, usipime hoteli!"

Jonan akainuka. Afande akamrudisha kwenye benchi kwa mkono mmoja. "Wewe unaenda wapi? Bwera nzima, mtu ambaye hawezi kuingia hiyo nyumba sasa ni wewe. Keti. Linda birika."

"Basi sikilizeni, msiguse kabati!"

"Kabati ndiyo itaanza," akasema Medius, shoka begani.

Wakatokomea wakicheka. Simu ilibaki wazi kwenye benchi. Jonan alisikia shoka, akasikia kioo chake kikimwagika sakafuni, mlango ukalia. Kisha sauti ya mama mkwe, tulivu kabisa:

"Mackline, mwanangu. Lile karai lenu liko wapi?"