Mtu wa Kumi na Mbili

Ukimwona Crisanto Magbanua amesimama mahali hana kazi, ujue kazi imeshaanza. Asubuhi ile alisimama nje ya lango la chuo kimoja cha uuguzi mjini Iloilo, akitafuna mkate, akiwasoma watu huku watu wanasoma tangazo. Tangazo lilisema: shahada ya uuguzi kwa walio kazini, masomo Jumamosi na Jumapili. Chini, kwa herufi ndogo: umri usizidi miaka arobaini na mitano, na waombaji wakipungua kumi na wawili, darasa halifunguliwi.

Wanawake waliovaa sare za wahudumu wa wodi walikuwa wakinong'onezana kwa hofu. Crisanto akajikung'uta makombo, akatoa stethoskopu mkobani, akaitundika shingoni. Aliinunua kwenye mitumba, fungu moja na viatu vya mpira.

"Mnaogopa mtihani wa kuingia?" akauliza kwa upole. "Msiogope. Kuandaa watu ndiyo kazi yangu. Niiteni Dok Santing."

"Kwani unaujua mtihani wao, Dok?"

"Naujua? Anayeutunga jana tu nimemnunulia supu ya tambi!"

Mkubwa wao alikuwa Purificacion, ambaye wote walimwita Ate Puring, yaani dada mkubwa. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa amegeuza wagonjwa, ameosha maiti, na kuambiwa na wauguzi waliozaliwa juzi, "Sogea, hujasomea." Novemba angetimiza arobaini na sita. Ilikuwa mwaka huu au basi tena, na jambo hilo lilimuuma mpaka usingizini.

Masomo yakaanza katika chumba juu ya duka la tambi. Ukutani Crisanto alitundika cheti chake cha sekondari, karatasi pekee ya kweli aliyopata kumiliki. Alifundisha kwa mbinu ya hali ya juu: kila swali gumu alilijibu kwa kukunja uso na kuuliza, "Nyie mnaonaje?" Wanawake wakabishana, wakafungua vitabu, wakasahihishana. Masikini, bila yeye kukusudia, wakawa wanasoma kweli.

Siku moja akajitia kumpima Ate Puring presha. Akaivaa stethoskopu nyuma mbele, na kabla hajabonyeza pampu hata mara moja akatangaza, "Mia na ishirini kwa themanini. Safi kabisa!"

Ate Puring akaitazama stethoskopu, kisha pampu. "Asante, Dok," akasema, akashusha mkono wa sare yake.

Kesho yake alikuja na rundo la fomu. "Tia sahihi hapa, Dok, na hapa. Mwalimu lazima aonekane. Na picha yako moja tukutundike ukutani. Cheti nacho nakichukua nikakifute vumbi."

Crisanto, aliyependa sana kuonekana, akasaini fomu zote bila kusoma wala kuhesabu. Wanafunzi walikuwa kumi na mmoja. Fomu zilikuwa kumi na mbili.

Ikafika Ijumaa, siku ya mwisho ya maombi. Crisanto alishakusanya ada zao zote, mara mbili ya ile ya chuo, na kumwandikia kila mmoja stakabadhi kwa mbwembwe. Alichobakiza ni kupanda meli ya kwenda Bacolod. Lakini nani mjini pale aliwahi kuingia kwenye mtihani kabla padri hajabariki penseli? Ilibidi mwalimu naye aende kanisani, bahasha ya fedha kwapani.

"Bahasha nayo mezani, Dok," alisema Ate Puring. "Baraka haipiti kwapani."

Kanisa zima likamtazama. Akaiweka. Padri akanyunyiza maji, watu wakainamisha vichwa, na Crisanto, ili aonekane mcha Mungu kuliko wote, akafumba macho kabisa.

Bandarini, kwenye foleni ya tiketi, akafungua bahasha. Ndani mlikuwa na magazeti ya zamani, penseli moja na barua.

"Dok, darasa linataka kumi na wawili, nasi tuko kumi na mmoja. Ile ada uliyotuzidishia inakulipia wewe pia, na chenji tunagawana. Mtihani kesho saa mbili asubuhi. Usipotokea, stakabadhi zako kumi na moja zitatokea polisi."

Kesho yake saa mbili kasorobo alikuwa langoni, penseli mkononi, shati limekunjamana.

"Ate, mmeniibia!"

"Pole, mdogo wangu." Ate Puring akawageukia wenzake. "Nyie mnaonaje?"

Walicheka mpaka mlinzi akawanyamazisha.

Wote kumi na wawili walipita. Crisanto alikuwa wa mwisho, lakini alipita, na alipoliona jina lake ubaoni alisimama pale muda mrefu kuliko alivyokusudia.

Jumamosi ya kwanza ya mazoezi akaitwa mbele apime presha. Akaivaa tena stethoskopu nyuma mbele. Ate Puring, katika sare mpya nyeupe aliyoipiga pasi mara tatu, akasogea, akamvua stethoskopu, akaigeuza na kumvisha tena vizuri.

"Hivi," akamnong'oneza. "Na safari hii, pampu kwanza, namba baadaye."