Mpigaji Namba Mbili wa Panzi

Jumatatu, 3 Juni
Kocha Burdette ametangaza mpigaji wa kwanza wa msimu uliobaki. Si mimi. Miaka yote hii nimewapigia mpira kati ya milingoti Panzi wa Ostrander, timu yetu ya mpira wa Kimarekani wa ukumbini, tangu ukumbi wetu ulipokuwa bado wa mchezo wa barafu, na leo nafasi yangu kapewa Tavita Leiato, Msamoa kutoka California, kijana mwenye mapaja kama magogo. Nimeambiwa nikae benchi nimshauri.

Kijana akaja kunishika mkono.

“Nitakutegemea sana, mzee.”

Mzee. Nina miaka thelathini na minane. Nikamjibu karibu sana mdogo wangu, moyoni nikamchukia.

Marlys, mke wangu, anasema nikubali yaishe. Kutwa natandika mazulia kwenye nyumba za watu, magoti yamekwisha, nipumzike. Hajui ameolewa na nani.

Jumamosi, 8 Juni
Mpango wa kwanza. Mama mkwe wangu, Bernadine, huloweka mayai kwenye siki na kuyaacha stoo mpaka yageuke rangi. Mimi niliyala siku ya harusi. Katika picha zote nimetoka kijani.

Kabla ya mechi nikampelekea Tavita chupa nzima. Nikamwambia ndiyo desturi ya Nebraska, mpigaji mgeni lazima ayale. Akala moja, akafumba macho. Nikaanza kufunga kamba za viatu vyangu. Akasema yanamkumbusha upishi wa bibi yake, akamaliza mayai yote, akanywa na ile siki.

Kapiga kila mpira katikati ya milingoti. Mmoja ulipitiliza ukazima ubao wa matokeo. Tumeshinda. Bernadine aliposikia habari za mayai yake alitokwa machozi ya furaha. Tavita kaalikwa chakula cha kesho. Mimi nimeambiwa nilete viti.

Jumatano, 12 Juni
Wazo jipya. Kama haondoki kwa mayai, ataondoka kwa sifa. Nimempigia simu kocha wa Nge, timu moja ya Arizona, nikajifanya wakala wa wachezaji. Sauti nzito. Nikamwambia kuna kijana huku Nebraska, dhahabu tupu, anaozea kwenye mahindi. Akaniuliza mimi ni nani. Sikuwa nimejiandaa. Nikachungulia dirishani.

Nikasema naitwa Bwana Trekta.

Ijumaa, 14 Juni
Wamemchukua! Sikutegemea. Tavita kaja kuaga, akanikumbatia mpaka mbavu zikalia.

“Mzee, wewe ndiye rafiki yangu wa kwanza hapa.”

Nilijisikia vibaya kutoka ukumbini hadi kwenye taa za barabarani. Zilipowaka kijani nikaenda kununua viatu vipya.

Kocha kanirudishia nafasi yangu. Alisema hana mtu mwingine. Nimechukua hiyo kama sifa.

Jioni nikamweleza Marlys kila kitu. Hakukasirika. Aliuliza tu kama najua mechi ya mwisho tunacheza na nani. Nikamwambia mpigaji hatazami ratiba, anatazama milingoti.

“Haya, baba,” akasema, akaendelea kukunja nguo.

Jumamosi, 22 Juni
Mechi ya mwisho tumecheza na Nge.

Atakayeshinda anaingia mchujo, atakayeshindwa msimu umekwisha. Tavita alipoingia na jezi yao, ukumbi mzima ukasimama kumpigia makofi. Ukumbi wetu! Bernadine alibeba bango lenye jina lake. Nilipoingia mimi, mtu mmoja alikohoa.

Tukaenda bega kwa bega hadi sekunde za mwisho. Tumepitwa pointi mbili, na mpira ukipita kati ya milingoti tunapata tatu. Kocha akanitazama kwa muda mrefu, kama fundi anayetazama gari ambalo halitengenezeki.

“Stucky, bwana. Katikati tu. Usinifanyie maajabu.”

Nikapiga. Uliondoka vizuri sana, naapa. Kisha ukapinda, ukagonga wavu wa pembeni. Na katika mpira wetu huu wa ndani, ukigonga wavu ukarudi uwanjani mchezo unaendelea. Ulirudi mikononi mwa Tavita, ambaye Nge walikuwa wamemweka pale nyuma kwa sababu ya ukubwa wake tu.

Akaja mbio. Wenzangu wote walikuwa wameangushwa chini. Nimebaki mimi. Nikanyoosha mikono, hata sijui kama ni kumzuia au kumsihi.

“Samahani, mzee.”

Nilipaa juu ya ukuta wa sponji unaozunguka uwanja, nikatua mapajani mwa Bernadine, aliyekaa mstari wa mbele. Hakuniuliza kama nimeumia.

“Sogea, unaniziba,” akasema.

Tavita akaufikisha mpira mwisho wa uwanja upande wetu, wakaongeza pointi sita. Nge wameingia mchujo. Baadhi ya wenzangu walilia, na Kocha Burdette alikaa peke yake benchi hadi wafanyakazi walipoanza kukunja zulia la uwanja.

Jumapili, 23 Juni
Nimelala na barafu kiunoni. Marlys kaniuliza, kwa upole, kama kuna chochote nilichojifunza.

Nimefikiri asubuhi nzima na jibu nimelipata. Kosa lilikuwa ile nafasi. Mpigaji anaitwa mara moja moja, akikosea kila mtu anaona. Mrushaji, yule anayewarushia wenzake pasi, anaushika mpira kila wakati. Akikosea mara moja, nani atakumbuka?

Mrushaji wetu, Corliss, anapenda mno kuvua samaki. Na mimi nina binamu Alaska mwenye boti, anatafuta mtu wa kudumu. Nimeshawaunganisha.

Mazoezi ya kurusha nimeyaanza leo leo, hapa hapa kitandani. Lile dirisha la chumbani lilikuwa limechakaa hata hivyo.