Uzinduzi wa Manowari Yetu Ndogo ya Kubebea Ndege

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye ni mimi mwenyewe, waheshimiwa makamanda wa nchi kavu, wa majini na wa ofisini, wakurugenzi, makaimu wakurugenzi na wanaowakaimu makaimu, mabaharia wetu mliosimama juani tangu saa mbili kwa uzalendo uliotukuka, itifaki izingatiwe! (Makofi, hasa kutoka kivulini.)

Ndugu zangu, wapo wataalamu uchwara wanaosema jeshi la majini la saizi ya kati kama letu halina haja ya manowari ya kubebea ndege, hata iwe ndogo vipi, eti tubaki na boti zetu za doria, nami nawajibu kistratejia, kisera na kimchakato kwamba boti ya doria haitoki vizuri kwenye picha! (Kicheko.) Manowari hii itabeba ndege nane, na ya tisa itazunguka angani ikisubiri foleni, utekelezaji, chini ya usimamizi wangu makini, umefikia asilimia mia moja na nne, na kuhusu maneno ya vijiweni kwamba sitaha ni fupi, nimeshawaandikia marubani barua wafunge breki mapema. (Rubani mmoja anavua kofia na kujifuta jasho.)

Naona mkono pale. Mke wa nahodha wa boti ya doria, karibu, shemeji.

("Mheshimiwa, kesho mume wangu anatoka na watu sita. Boti inavuja, na pampu ya kutolea maji mliichukua nyinyi. Mimi naogopa. Atarudi kweli?")

Swali zuri sana, shemeji, na limepokelewa. Pampu ile haikupotea, ilihamishiwa rasmi kwenye mradi wa manowari, ambako imechapa kazi kweli kweli! Katika kipindi hiki cha mpito, nahodha atapewa ndoo mbili mpya zenye nembo ya wizara. (Makofi ya watu wawili.)

Sasa tuitikie pamoja! Ndege baharini! ("Zirukeee!") Taifa la kati! ("Sitaha kubwa!")

Nimalizie kwa shukrani. Kwanza najishukuru mimi. Pili namshukuru fundi rangi wetu, ambaye kwa siku tatu tu ameikamilisha manowari nzima mnayoiona kwenye ukuta wa ghala hapa nyuma yangu. Waheshimiwa wa mbele, tafadhali msiiegemee, rangi bado mbichi. Na wewe shemeji, ondoa hofu kabisa: pampu ndiyo inayorusha rangi, na mumeo atarudishiwa mara tu tutakapomaliza kupaka bahari.