Kahawa ya Kopo Yaingia Bukoba

Umma wa Bukoba na Muleba unaarifiwa kwamba mwaka 1952 wilaya yetu ilipata Idara ya Kueneza Sifa, na kwamba mimi, Damian Mutembei, karani wa daraja la pili na mkalimani, nilikuwa nusu ya idara hiyo. Nusu nyingine ilikuwa Bwana Wetherby, Mwingereza mrefu aliyetumwa kutufundisha kununua kahawa.

Utasema Wahaya tunalima kahawa wenyewe. Hilo lilizingatiwa. Bwana Wetherby alinieleza kwamba kulima ni jambo moja na kutumia kwa ustaarabu ni jambo jingine. Kahawa yetu ingepanda meli, isagwe Uingereza, itiwe kwenye kopo lenye picha ya mwanamke wa Kizungu anayecheka, kisha irudi tuinunue. Makopo mia mbili na arobaini yalikuwa yamekwisha shushwa bandarini. Tuliyapanga ofisini mpaka yakaziba dirisha.

Kabla ya kuuza hata moja, idara ilifanya Mazungumzo na Wakuu wa Biashara kuhusu Mwelekeo wa Matangazo.

Tulianzia Muleba kwa mzee Ndyamukama, mpiga ngoma wa gombolola, yaani sehemu ya wilaya, ambaye kwa miaka mingi ndiye aliyetangaza kila agizo la serikali.

"Mzee, ukipiga ngoma watu hufanya nini?"

"Hukimbia, waitu," alinijibu kwa heshima ya Kihaya.

"Kuja kwako?"

"Kuja wapi! Wanakwenda. Ngoma yangu siku hizi ni kodi na kuchimba barabara. Nikiipiga asubuhi, mchana sioni hata mbuzi."

Bwana Wetherby akaniuliza amesema nini. Karani mzuri hafasiri maneno, hufasiri nia. Nikamwambia, "Anasema watu huitikia kwa kasi kubwa." Akaandika, akapiga mstari chini yake mara mbili.

Wa pili alikuwa Kagaruki, mfanyabiashara wa samaki wakavu kutoka Bumbire. Bwana Wetherby alitaka nimwulize anategemea chombo gani cha habari.

"Pua," alisema Kagaruki. "Mzigo wangu ukishuka tu, wanaujua mpaka Ngenge."

Jibu hilo nililifasiri sawasawa, kwa kuwa sikuona ubaya wake. Nilikosea. Tuliporudi Bukoba, Bwana Wetherby alitunga kanuni kwamba harufu yoyote ya kahawa inayovuta watu hadharani ni tangazo, na tangazo linahitaji kibali.

Harufu ya kahawa sokoni ilikuwa na mwenyewe. Ilikuwa ya Kokwijuka wa Kibeta, mjane aliyechemsha buni pamoja na majani yenye kunukia, akazikausha na kuziuza kwa kutafuna, kama inavyotafunwa katika kila nyumba ya Kihaya mgeni akiingia. Alikuwa pia shangazi yangu, dada wa marehemu baba, lakini hilo halikuwa kwenye faili.

Nilimpelekea barua ya kumwondoa. Hajui kusoma, ila aliishika karatasi, akaitazama kwa muda mrefu.

"Damian, umeiandika wewe?"

"Imeandikwa na idara."

"Mwandiko wako naujua. Niliuona unaanza, unaandika kwa kijiti kwenye vumbi la ua wangu. Nani alikuwa anakupeleka shule ya misheni, mvua inanyesha, nimekufunika jani la mgomba?"

"Shangazi, saa za kazi sina shangazi."

Alimwaga maji ya chungu, akakunja mkeka, akajitwika mzigo, akaondoka. Siku ileile pale alipokaa miaka kumi na tisa tulisimamisha bango la yule mwanamke anayecheka. Nilikuwa nimejiandaa kujisikia vizuri. Badala yake, kila nilipopita sokoni nilijikuta nazunguka nyuma ya maduka, na Jumapili kanisani nilikaa upande wa wanakwaya ingawa siimbi.

Ikaja siku ya uzinduzi. Bwana Mkubwa wa Jimbo alikuwa anatoka Mwanza kwa meli kuja kuona maendeleo ya kueneza sifa. Bwana Wetherby alifungua ukurasa wenye yale maneno ya kasi kubwa aliyoyapigia mistari miwili, akaagiza mzee Ndyamukama aletwe uwanjani apige ngoma kwa nguvu zake zote.

Akapiga. Ndani ya robo saa mji ulikuwa mtupu. Hata muuza ndizi aliacha mikungu yake chini.

"Mutembei, watu wako wapi?"

"Migombani, bwana."

"Wanafanya nini huko?"

"Wanaitikia."

Meli ilikuwa imekwisha piga honi, kwa mbali ziwani. Bwana Wetherby, jasho likimtoka, alisema maneno ambayo sikuyatarajia: "Mlete yule mwanamke wa harufu."

Nilikimbia mpaka Kibeta na viatu vyangu vya ofisi mkononi. Shangazi alikuwa anapalilia kibanja chake. Hakuinua kichwa.

"Nitakuja nikiwa na kibali," alisema. "Chenye muhuri. Kisicho na mwisho. Na lile jimama waliondoe mahali pangu."

Nilirudi mbio. Bwana Wetherby alitia saini akiwa amepiga goti moja, karatasi juu ya paja. Bango likang'olewa, nami nikampelekea kibali. Kokwijuka akaja, akawasha moto, akafunua chungu. Watu wakaanza kuchomoza migombani mmoja mmoja, kisha kumi kumi, mpaka Bwana Mkubwa alipofika alikuta umati unaosukumana.

Alifurahi mno. Alipewa buni tatu kwenye kipande cha jani la mgomba, akatafuna, akafumba macho. Kisha akamgeukia shangazi yangu. "Mwulize, mkalimani. Hii imetoka kwenye kopo lipi?"

Shangazi akajibu kwa Kihaya, polepole, akinitazama mimi: "Mwambie imetoka kibanjani kwangu. Na huyu bwana alinifukuza hapa kwa sababu inanukia."

Bwana Wetherby alikuwa ananikonyeza. Nilijua vizuri sentensi aliyoitaka, na ningeweza kuisema bila kukwama: *anasema anaishukuru serikali*.

"Bwana," nikasema, "huyu ni shangazi yangu." Kisha nikafasiri neno kwa neno, nikaongeza na kuhusu ngoma, kwa kuwa nilikuwa nimekwisha anza.

Bwana Mkubwa aliomba kikombe cha kahawa ya kopo. Alikunywa funda moja, akakaa nalo mdomoni akitafuta pa kulipeleka. Mwisho alilimeza, kwa sababu watu walikuwa wanamwangalia.

"Umeipenda wewe mwenyewe, Wetherby?"

"Sana, bwana."

"Vizuri."

Waraka ulifika juma lililofuata. Idara ya Kueneza Sifa imefungwa. Makopo yote yatatumiwa na ofisa aliyeyapenda, vikombe vitatu kwa siku, mbele ya shahidi, kwa saini. Shahidi ni mimi. Shangazi amenisamehe, asubuhi napitia kwake, ananijazia kiganja buni, na huzitafuna taratibu nikiwa mezani wakati Bwana Wetherby anamaliza kikombe chake.

Kwenye kopo la kumi na moja aliomba likizo ya kurudi kwao, kwa sababu za afya. Nilichapa ombi hilo mwenyewe, bila kosa. Jibu la Mwanza lilikuwa la upole sana: likizo imekubaliwa, na itaanza makopo yakiisha.